Aliponea ajali ya basi, sasa hata daladala hapandi: tiba ya mazungumzo itamsaidiaje?

SWALI: Mume wangu ana miaka 38, ni fundi seremala hapa Morogoro. Miezi 9 iliyopita basi alilopanda kutoka Dar es Salaam liligongana na lori usiku. Yeye alivunjika mkono na kupigiza kichwa kidogo, mkono ukaunga. Kijana waliyebadilishana naye kiti njiani alifia pale pale. Tangu siku hiyo hapandi gari lolote, anakwenda karakana kwa miguu. Usiku anaamka akipiga kelele, jasho linamtiririka. Mtoto akiangusha sahani anafoka mpaka namshangaa. Mama mkwe anasema tusimkumbushe, yaliyopita si ndwele. Muuguzi wa kituo cha afya ameshauri aende kwa mwanasaikolojia. Mimi naogopa. Kuongea tu kunaponya nini? Na akilazimishwa kusimulia, si ndiyo atazidi kuumia?

JIBU: Dada yangu, methali ya mama mkwe ni ya kweli kwa mambo yaliyopita. Ajali ya mume wako haijapita. Kila anapozinduka saa nane usiku akipiga kelele, mwili wake umo ndani ya lile basi: moyo unakwenda mbio, misuli imekaza, anasubiri kishindo. Tiba inayofaa haimfanyi asahau. Inaifanya ajali ikae mahali pake, miezi 9 nyuma, awe anaikumbuka yeye badala ya kuvamiwa nayo.

Hofu yako kwamba kusimulia kutamuumiza ina msingi. Kusimulia kiholela kunaumiza kweli. Anayeulizwa na kila mgeni "ilikuwaje?" akakatisha katikati kwa uchungu, hapati nafuu yoyote. Hata ule utaratibu wa zamani wa kuwakalisha manusura siku moja baada ya janga na kuwataka waeleze yote kwa mkupuo ulichunguzwa ukaonekana haukingi kiwewe. Tiba ni jambo jingine. Kumbukumbu inaguswa kwa kipimo, kwa ridhaa yake, na mtu aliyefunzwa, na inarudiwa mpaka makali yaishe. Tofauti yake na soga ni kama ya daktari anayesafisha kidonda na mpita njia anayekitonesha.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia nini. Uliyoyaeleza yanaelekea kwenye maradhi ya kiwewe: ajali inarudi kwa jinamizi, anakwepa vyombo vya usafiri, mwili uko macho muda wote, na hasira na hisia zimebadilika. Watu wengi wakipata ajali huwa na dalili hizi majuma ya mwanzo, kisha zinapungua zenyewe bila tiba. Ndiyo maana hatuziiti ugonjwa kabla ya mwezi mmoja kupita. Miezi 9 ni mingi, na kuendelea kusubiri kunampa ugonjwa muda wa kuota mizizi. Hata hivyo barua haitoshi kuthibitisha. Umesema alipigiza kichwa. Mtikisiko wa ubongo nao huleta hasira za ghafla, usingizi mbovu na usahaulifu, kwa hiyo daktari amchunguze kichwa kabla ya kila kitu kubandikwa jina la kiwewe. Mwambie daktari pia kama anaumwa kichwa, anaona maruweruwe, au ameanza kunywa pombe ili alale. Pombe ndiyo dawa ambayo wanaume wengi hujiandikia wenyewe kwa tatizo hili, na hulivuruga zaidi: usingizi unakuja haraka lakini unakatika usiku wa manane, na jinamizi linarudi na nguvu.

Sasa kwa nini dalili hazimwachi? Mtu akikabiliwa na kifo, ubongo hauna nafasi ya kupanga habari kwa utaratibu. Sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo ndiyo king'ora cha mwili, inashika vipande vilivyotawanyika: harufu ya dizeli, taa kali machoni, mlio wa breki, sauti ya kioo. Vipande hivyo vinabaki bila tarehe. Sahani ikianguka, king'ora hakiulizi hii ni sahani au ni kioo cha basi. Kinalia kwanza. Ile hasira unayoiona ni mwili uliojiandaa kupigana na hatari ambayo haipo sebuleni kwako.

Linaloendeleza ugonjwa ni kuepuka. Hapa nakuomba usome taratibu, maana familia nzima inahusika. Siku ya kwanza alipofika kituoni akageuka kurudi nyumbani, hofu ilishuka papo hapo. Ubongo wake ukajifunza somo la uongo: "nimesalimika kwa sababu sikupanda." Kesho yake hofu ikaanzia mbali zaidi, kabla hajafika kituoni. Ilianza kwa basi, ikaja daladala, baadaye huenda ikawa barabara yenyewe, taarifa ya habari, hata mazungumzo ya watu wanaosafiri. Nanyi kwa upendo mnamsaidia kuepuka: mnazima redio ajali ikitajwa, mnamfuatia mbao mjini, mnahamisha harusi ili asisafiri. Kila mnapofanya hivyo anapumua siku hiyo na anafungwa zaidi kesho yake. Silaumu mtu. Familia yoyote inayopenda ingefanya vivyo hivyo.

Tiba iliyochunguzwa sana kwa hali kama yake inaitwa tiba ya kukabili kumbukumbu hatua kwa hatua, iliyojengwa na mwanasaikolojia Edna Foa huko Marekani. Kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 15, kimoja au viwili kwa wiki, kila kimoja dakika 90 hivi. Mshauri wa kisaikolojia mwenye foleni ndefu hospitalini huweza kufupisha kikao, lakini kikao cha dakika 20 hakitoshi kwa kazi hii. Sababu nitaieleza.

Vikao viwili vya mwanzo havina simulizi kamili. Mshauri anasikiliza matatizo ya sasa, anaeleza ugonjwa unavyofanya kazi, na anamfundisha kupumua: kuvuta hewa kwa pua kama kawaida, kisha kuitoa polepole sana, kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, dakika 10 kila siku. Watu wengi hukosea hapa kwa kuvuta pumzi kubwa kubwa haraka haraka, wakapata kizunguzungu na kudhani wanakufa. Uzito uko kwenye kuitoa.

Kisha wanatengeneza ngazi. Anajipimia hofu yake kutoka 0 hadi 100, na wanapanga mambo anayoyakwepa kuanzia mepesi. Kwa mume wako inaweza kuwa hivi: kusimama getini akitazama magari yakipita, 25. Kukaa kwenye gari la jirani lililoegeshwa, injini imezimwa, 35. Injini ikiwaka, 45. Kuzunguka mtaani nawe ukiwa pembeni yake, 55. Daladala ya vituo viwili mchana, 65. Kukaa stendi ya Msamvu akisikiliza honi na wapiga debe, 75. Basi la mchana mpaka Chalinze, 90. Kupita mahali penyewe, 100. Takwimu ni zake, si zako wala za mshauri. Mara nyingi kinachoonekana kidogo kwetu ndicho kikubwa kwake. Pengine kiti cha dirishani kinamtisha kuliko safari nzima.

Haanzi na 100, wala haanzi na 10. Anaanza na kitu cha katikati kinachotetemesha lakini kinavumilika, tuseme 40. Anakaa nacho mpaka hofu ishuke kwa kiasi cha nusu, jambo linaloweza kuchukua dakika 30 hadi 45, na anakirudia karibu kila siku mpaka kimchoshe. Hapo ndipo mambo huharibika mara nyingi. Akishuka garini hofu ikiwa kileleni, amerudia lile somo la uongo la kituoni na ametoka na hofu kubwa kuliko aliyoingia nayo. Ndiyo sababu kikao kifupi hakifai: mgonjwa anafunguliwa kumbukumbu, saa inaisha, anapelekwa nyumbani akiwa juu ya mlima. Kosa jingine ni ujanja wa kimyakimya. Amekaa garini lakini amefumba macho, ameziba masikio, ameshika mlango tayari kuruka, au amekunywa kidogo kabla. Ubongo unasema ujanja ndio uliomwokoa. Mweleze hilo bila kumkaripia. Tena mazoezi yasiwe hatari ya kweli. Bodaboda bila kofia ngumu au basi linaloendeshwa kwa fujo si tiba, na akishuka kwenye gari la namna hiyo amefanya busara.

Sambamba na ngazi, kuanzia kikao cha tatu hivi, inakuja kazi ya kumbukumbu yenyewe. Anafumba macho na kusimulia ajali kama inayotokea sasa: "Nimekaa upande wa kulia, nasikia breki..." Anataja alichokiona, alichokinusa, mwili ulivyohisi, alichokiwaza. Anafika mwisho, anarudia tena, kwa dakika 30 hadi 45. Mshauri anauliza kiwango cha hofu kila baada ya dakika tano. Simulizi linarekodiwa kwenye simu na analisikiliza nyumbani kila siku, mchana, si kitandani. Baadaye wanazungumza kwa utulivu juu ya kilichojitokeza. Mara ya kwanza ni nzito sana. Kadiri anavyorudia, vipande vinapata mpangilio, na mwisho wa hadithi, ule ambao jinamizi halifiki kamwe, unapata nafasi yake: watu walinitoa, nilifikishwa hospitali, nilipona.

Sasa huyo kijana waliyebadilishana kiti. Sijui kama mumeo amewahi kulisema kwa sauti, lakini naona hapo ndipo penye mzigo mkubwa kuliko woga wa magari. "Ile nafasi ilikuwa yangu." Manusura mwenye wazo hili huona kupona ni kumsaliti marehemu. Ndugu wakimwambia "mshukuru Mungu umepona," wanamziba mdomo, kwani anashukuru na wakati huo huo anaona aibu kushukuru. Kwa hili kuna tiba ya vikao 12 inayochambua mawazo yaliyozaliwa na tukio, iliyoanzishwa na Patricia Resick. Mgonjwa anaandika ukurasa mmoja juu ya sababu anazodhani ajali ilitokea na maana yake kwake. Halafu wanaulizana sentensi kwa sentensi. Wakati mnabadilishana kiti, ulikuwa unajua nini? Nani aliomba? Lori lilikuwa la nani, liliendeshwa na nani? Kama ndugu yako ndiye angetoa kiti, ungemwita muuaji? Lengo si kumlazimisha afurahi. Ni kutenganisha kosa na majonzi, maana kosa linadai adhabu na majonzi yanadai kilio, na yeye amekuwa akijiadhibu badala ya kulia. Mshauri mzuri hagombani na imani yake kuhusu kudra ya Mungu. Anamsaidia tu asiigeuze imani hiyo kuwa hukumu juu yake mwenyewe.

Njia ya tatu utakayoisikia ni ya kufuatisha macho, iliyobuniwa na Francine Shapiro mwaka 1987. Mgonjwa anashika kumbukumbu akilini huku macho yakifuata mkono wa mshauri kushoto na kulia. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013 pamoja na tiba za kukabili na kuchambua mawazo. Inafaa kwa mtu asiyeweza kusimulia kwa kirefu. Usichague kwa jina lakini. Chagua iliyo na mshauri aliyefunzwa karibu nawe.

Labda unajiuliza kama haya ni mambo ya Wazungu. Kivu Kusini nchini Kongo, ile tiba ya vikao 12 ilitolewa kwa vikundi vijijini kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Miezi 6 baada ya tiba, wanawake 9 kati ya 100 walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, ukilinganisha na 42 kati ya 100 waliopata msaada wa kawaida, na kwa kiwewe hali ilifanana na hiyo. Wengi wao hawakujua kusoma, hivyo zoezi la kuandika likageuzwa kuwa la kukariri. Uganda, katika kambi ya Nakivale, washauri waliotoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe walifunzwa njia ya kulaza kamba chini kama maisha ya mtu, maua kwa siku njema na mawe kwa siku mbaya, kisha kusimulia maisha yote tangu kuzaliwa. Hiyo huwafaa waliopigwa na majanga mengi. Na hapa kwetu Moshi, pamoja na Bungoma nchini Kenya, mradi wa Pamoja Tunaweza ulichunguza tiba ya namna ya karibu na hizo kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili: nusu yao walipata tiba hiyo, kupitia washauri wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Usikate tamaa ukikosa mtu mwenye shahada kubwa. Kinachohitajika ni mafunzo ya tiba hii hasa, na msimamizi nyuma yake.

Kwa kuanzia nendeni kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa. Ikishindikana ombeni rufaa, Muhimbili au Mirembe ya Dodoma. Siku ya kwanza muulize mshauri: umewahi kutibu watu wa ajali? Unatumia njia gani, vikao vingapi, vya muda gani? Tutapimaje kama anapata nafuu? Anayejua kazi atajibu bila kukasirika. Wengi hutumia dodoso la maswali 20 lenye alama 0 hadi 80, na kadiri alama zinavyoshuka ndivyo anavyopata nafuu. Jihadharini na anayetaka kisa chote siku ya kwanza, anayetoa mawaidha muda wote, anayeahidi kumaliza kwa kikao kimoja, au anayesimulia kwenu habari za wagonjwa wengine. Huyo wa mwisho atasimulia zenu pia.

Dawa zina nafasi yake. Sertraline, paroxetine na fluoxetine husaidia baadhi ya watu, hasa penye sonona, huchukua majuma kadhaa kuonyesha kazi na haziachwi ghafla. Diazepam, ambayo watu hununua duka la dawa ili walale, haitibu kiwewe, inazoeleka, na ikimezwa kabla ya zoezi inaharibu somo.

Nyumbani kazi yako ni hii. Akipiga kelele usingizini usimtikise. Washa taa, simama hatua mbili mbali, mwite jina lake, mwambie: uko nyumbani Morogoro, ni mimi, ajali ilikwisha. Mguso wa ghafla unaweza kupokewa na ngumi ambayo hakuikusudia. Akifoka, usibishane hapo hapo. Kubalianeni wakati wa utulivu ishara ya kutoka nje dakika 10 na kurudi. Mtoto mweleze kwa maneno machache kwamba baba aliumia kwenye ajali, kelele zinamshtua, na si kosa lake. Acha kumfanyia kuepuka, lakini punguza kwa kukubaliana naye, moja moja. Shemeji mwenye nia njema asimpandishe basi kwa hila. Hilo limewarudisha wengi nyuma miezi mingi. Na kama hasira imefika kupiga, usalama wako na wa mtoto unatangulia tiba. Ondokeni kwanza.

Akisema heri angekufa yeye, usiogope kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii wazo. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, toa nyumbani dawa za wadudu na vidonge vilivyolimbikizwa, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Jiandae kwa wiki ya tatu na ya nne. Kumbukumbu ikianza kuguswa, jinamizi huweza kuongezeka kwa siku kadhaa, naye atasema tiba inamzidishia. Wengi huacha hapo hapo, karibu kabisa na nafuu. Amwambie mshauri na waende polepole, lakini asiache kuhudhuria. Kama hakuna badiliko lolote kufikia kikao cha nane, mshauri aangalie upya: labda mazoezi ya nyumbani hayafanyiki, labda pombe, labda kuna jambo hajalisema.

Na kama hataki kabisa? Usimwambie ana ugonjwa wa akili. Wanaume wengi wanaokataa habari ya kiwewe hukubali habari ya usingizi. Wiki hii andika kwenye daftari saa anayolala, saa anayoshtuka na mara ngapi. Jumapili jioni mkiwa wawili mwonyeshe, umwambie: "Baba, hujalala vizuri miezi tisa. Twende tukaulizie usingizi, mimi nitakaa nje, na kama hukupenda hatutarudi." Kliniki ikiwa mbali kwa miguu, piga simu kabla uulize kama kikao cha kwanza kinaweza kufanyika kwa simu. Asianze tiba kwa kulazimishwa kupanda gari.